Harusi iliyokwenda mwendo wa gwaride

Gisenyi, Jumamosi

Bon, mama ya bibi harusi hanisemeshi tena. Na kosa si ya Clarisse, mwanafunzi wangu wa piano. Kosa ni ya muguu wangu.

Clarisse alianza kupiga vizuri kanisani, polepole, bibi harusi akiingia kwa madaha, hatua moja, anasimama, hatua ingine. Mi nilikuwa nimekaa nyuma ya piano. Nimeongoza bendi ya jeshi mpaka pensheni, na muguu wangu haujui mwendo ule. Ukaanza kugonga sakafu wenyewe: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Clarisse nimemuzoesha kufuata muguu wangu. Akafuata! Harusi nzima ikafika mbele ya pasta kama inakwenda kupandisha bendera. Bwana harusi alikuwa bado anafunga vifungo vya koti.

"Afande, hapa si kambi!" mama alinifokea mlangoni.

Naogopa ataniharibia jina, na piano ndiyo inanilisha siku hizi.

Lakini bibi harusi alipopita alininong'oneza: "Asante, mwalimu. Viatu vilikuwa vinaniua."

Jumamosi ijayo Clarisse anapiga kwenye harusi ingine, kule Mahoko. Muguu nimeshaupaka mafuta, uko tayari kwa gwaride.