Mlio wa Kwanza

Nyakato, Mwanza
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, goti limetulia, na migomba haijakupa sababu mpya ya kulalamika. Msalimie kaka Rwegasira na wote wa hapo nyumbani. Sisi huku tunaendelea. Leo asubuhi ziwa lilitulia hadi mawe yakaonekana kama yamesinzia.

Mama, watu wa Mwanza hawajui kwamba wanaishi juu. Wanaona maji mbele yao, wanadhani wako pwani. Kumbe ziwa hili limebebwa juu kabisa, kama beseni kichwani mwa mwanamke, na injini hazidanganyiki. Mteja wangu Pius aliyaona hayo alipoleta gari lake la turbo kutoka Dar. Kule lilikuwa simba, alisema. Huku likipanda kilima linagonga.

Uliwahi kuniuliza nafanya nini hasa. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa gari, inasukuma hewa ndani ya injini. Huku juu hewa ni nyepesi, hivyo feni inajitesa kuitafuta, na hewa iliyosukumwa sana inapata moto. Hapo cheche ya plagi ikiwahi kuwaka, ni kama kumpiga kofi mtu anayepanda ngazi. Injini inagonga, na ikizidi pistoni inatoboka. Cheche ikichelewa, gari linatembea kama limebeba bibi harusi. Kazi yangu ni kuiwahisha kidogo kidogo kwenye kompyuta mpaka nisikie mlio wa kwanza wa kugonga, kisha narudi nyuma. Nasikiliza kwa bomba la shaba lililofungwa kwenye injini, lenye mpira unaofika sikioni.

Basi, juzi tukapanda kilima cha kwenda Bujora, Pius akiendesha, Bernadeta, mchomeleaji wetu, akiwa kiti cha nyuma. Nikawahisha cheche. Kimya. Nikawahisha tena. Kimya kizuri, Mama, kama nimezama majini na jua linanifuata. Nikajua leo nimekutana na injini ya malaika. Nikaongeza. Ndipo Bernadeta akanipiga bega, akamfokea Pius aondoe mguu kwenye mafuta, akaniuliza kama nimelala au nimelogwa, injini inalia kama bisi kwenye sufuria na mimi natabasamu!

Akaninyang'anya mpira, akauweka sikioni mwake. Tukapanda upya: akikunja ngumi narudisha, akifungua kiganja naacha. Gari likaondoka zima. Sasa Pius anatangaza mjini kwamba nina sikio la ajabu. Ni kweli, ni la ajabu.

Mama, sikio langu la kushoto limekufa. Daktari anasema halirudi, na la kulia limeanza kulifuata. Ndiyo maana kwenye simu najibu "ndiyo" kwa kila kitu. Kaka ameniandikia kwamba uliponiambia shangazi Prudencia amelazwa, nilijibu "hongereni sana", ukakata simu ukalia. Haikuwa jeuri, wala hapakuwa na mwanamke pembeni kama ulivyodhani. Sikukusikia.

Bernadeta amekubali kuwa sikio la gereji, kwa sharti kwamba jina lake liwe juu ya langu kwenye kibao. Nimekubali, hilo nililisikia vizuri.

Wewe usipige simu tena. Panda meli uje, ukae upande wangu wa kulia, uniambie yote tangu mwanzo, polepole, ningali naipata sauti yako.

Mpe shangazi pole yangu, ile niliyopaswa kuitoa siku ile.

Ni mimi mwanao,
Jovinary