Kompyuta Inayokula Majina ya Walio Hai

Apolinary, nife leo kama naongeza chumvi!

Kompyuta ya kikundi chetu cha kuzikana hapa Igogo inakula majina ya walio hai. Ya walio hai!

Katibu, Mama Felicitas, kafungua orodha, jina lake limegeuka alama kama vidudu. Likafuata la Masele, mwanachama mwenzetu. Nikawaambia, "Humo ndani kuna kitu kinachagua."

Masele akarudi kinyumenyume hadi mlangoni.

Mwalimu Odeta, anayejua kompyuta, akachungulia mipangilio ya kerneli, kile kiini cha mfumo wa kompyuta. "Memori iliyotengwa kwa programu ya kadi ya picha, mtu kaifungulia matumizi mengine. Sasa kadi inaandika juu ya majina. Na ameacha maneno na jina lake: 'Nimekomboa memori ya bure, Mzee Rwehumbiza.'" Akanigeukia mimi, mwenye jina hilo: "Shikamoo, babu!"

Sasa naandika upya majina mia tatu kwa mkono. Masele kanisimamia. Lake kaniandikisha mara mbili.