Kendi, Mama Yako Alifika Ziwani

Kendi wangu,

Tulienda. Sijui nianzie wapi, kwa hivyo naanzia hapo. Tulienda Ziwa Ellis, lile ulilonionyesha kwenye simu ukiwa kitandani, ukaniambia, "Nywele zikiota tu, we Muembu, tunaenda. Sipigi picha na mlima nikiwa na kipara." Nywele hazikuota. Lakini nilienda, na mtu niliyekwenda naye usingemdhania hata ungepewa siku nzima ya kubahatisha. Nilienda na mama yako.

Najua unacheka. Ama umekasirika, maana miguu yake unaijua. Ngoja nikueleze.

Tangu tukuzike, Mama alikuwa amenyamaza. Hakulia, Kendi. Hata siku ya mazishi hakulia. Alisimama pale nyumbani Kianjai na leso yake mabegani, akisalimia watu kama mwenye harusi, akiuliza kama wageni wa mbali wameshapewa chai. Watu wakasema mama huyu ana imani kweli. Mimi nilikuwa naiangalia mikono yake. Ilikuwa inakunja pindo la leso na kulikunjua, inakunja na kulikunjua. Baada ya hapo akaacha kwenda kanisani, akaacha kikundi cha akina mama, hata ng'ombe akamwachia jirani amkamulie. Ndugu yako Muthomi akawa ananipigia simu: "Wawira, njoo uongee naye. Mimi hanijibu."

Basi Jumamosi nilikuwa nafunga kibanda chetu cha chapati mapema, naondoka Nchiru kwenda kukaa naye jikoni. Ananimiminia chai. Ananiangalia. Niliona kabisa kwamba kuna swali limemkaa kooni, na kila likitaka kutoka analimeza pamoja na chai.

Kibanda kipo, usiwe na wasiwasi. Wanafunzi uliowazoea wamemaliza wakaenda zao, na hawa wapya wananiita Mama Chapo, hawajui tulikuwa wawili. Chapati zangu bado zina pembe. Asubuhi mlima ukitoka vizuri nageuka kukuambia, "Haya, Kirimaara yenu hiyo," ili unijibu kwamba sisi Waembu tunauona mlima kwa mgongo na uso wake uko Meru. Nageuka, halafu nakumbuka. Naendelea kukanda unga.

Siku moja pale jikoni, kwa kutafuta tu la kusema, nilimwambia Mama kwamba ninafikiria kwenda kuliona lile ziwa ulilolitaka. Akaweka kikombe chini.

"Siku gani?"

Nikamwambia sijapanga. Nikamweleza ni juu sana, baridi yake si ya kawaida, hewa yenyewe ni nyepesi. Akasema, "Nimezaliwa nikiuona huo mlima. Nimelimia mbele yake, nimezalia mbele yake, na sijawahi kuusogelea. Kama mtoto wangu alitaka kwenda huko, ni mimi nitakwenda." Muthomi alijaribu kubishana naye wiki nzima. Unamjua Mama. Mwishowe akaenda kuazima gari la rafiki yake, lile refu la kupanda milima.

Tulitoka kabla hakujapambazuka, tukapitia Meru mjini hadi Chogoria, kisha tukaanza kupanda. Kwenye lango la hifadhi askari akachungulia ndani, akamwona Mama amekaa kiti cha mbele na kabuti la marehemu baba yako na gamboti zake za zizini. Akamuuliza Muthomi kwa sauti ya chini, "Huyu mama naye anapanda?" Mama akamsikia. "Kwani mmeandika hapo umri?" Yule kijana akafungua lango huku akicheka.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyomsikia akimwambia mgeni tangu tukuzike.

Tukapita mianzi, tukapita miti mikubwa yenye ndevu, halafu miti ikaisha kabisa, Kendi, kana kwamba kuna mtu ameifyeka. Ikabaki nyasi za mafungumafungu na mimea ya ajabu iliyosimama kama mishumaa ya kanisani. Kabla hatujafika ziwani gari likazama kwenye tope. Muthomi akakanyaga mafuta, magurudumu yakazunguka, tope likaturukia mpaka kwenye madirisha. Alipotoka kukata vichaka vya kutandika chini ya magurudumu, Mama naye akafungua mlango wake akaanza kutembea. Hakuaga.

Nilimkimbilia nikamshika mkono. Alikuwa anatembea hatua chache, anasimama, anahema, anatembea tena. Nilisikia kifua chake kikipiga filimbi. Nitakuambia ukweli, niliogopa. Niliwaza jinsi nitakavyosimama Kianjai tena, mbele ya watu walewale, niwaambie kwamba sasa na mama naye amekufa, tena mimi ndiye niliyempeleka mlimani. Nikamwambia, "Mama, turudi. Hata hapa ni sawa." Akaniegemea begani akasema, "Wawira, nyamaza nipumue."

Na tulipofika, hakukuwa na kitu.

Ukungu mtupu. Maji ya kijivu yaliyoishia karibu tu, kama bakuli la uji. Bata mwitu kadhaa. Mlima wenyewe hata kivuli hatukuuona. Nilijisikia vibaya mpaka nikataka kuomba radhi, sijui nimwombe nani. Muthomi akatufikia akiwa tope mpaka nyusi, akasema gari limetoka na tushuke kabla mvua haijaanza. Mama alikuwa ameshakaa juu ya jiwe.

"Nyinyi nendeni mkangojee kwenye gari. Mimi nimefika."

Muthomi akarudi kuliegesha gari mahali pakavu. Mimi nikabaki, nikammiminia uji kutoka kwenye chupa. Hakuunywa. Alikuwa ameushika tu, anapasha mikono, anaangalia maji. Halafu akaniuliza, kwa Kiswahili badala ya lugha yenu, ili nisikose hata neno.

"Siku ile ya mwisho, kwa nini Kendi alikataa niitwe?"

Kumbe hilo ndilo lilikuwa limemkwama. Mtu fulani alimwambia kwenye matanga kwamba uliulizwa kama mama yako aitwe ukasema hapana. Akabaki nalo. Na akajipa jibu mwenyewe. "Nilijua ni ile dawa ya mizizi," akaniambia. "Nililazimisha aache ya hospitali anywe ile. Akaimwaga mbele yangu. Nikasema, mtoto huyu amekufa akiwa amenikasirikia."

Mwaka mzima, Kendi. Mwaka mzima amelala na hilo, anaamka nalo.

Nikapiga magoti kwenye zile nyasi baridi nikamwambia yote. Kwamba ulisema, "Msimwite leo. Jana alikuja na basi mpaka miguu ikamvimba. Mwacheni apumzike. Aje kesho, nitakuwa nimeoga, nimevaa lile gauni la maua, asinikute hivi." Kwamba ulilisema hilo neno kesho bila kufikiria, kama mtu anavyosema kesho nitafua. Kwamba uliniuliza gauni liko wapi, nikakuambia liko kwangu, ukaniambia nisilipige pasi sana, litang'aa. Kisha ukasema una usingizi. Na kuhusu ile dawa, nilimwambia ulikuwa unaigiza namna alivyokuja nayo ameificha kwenye kiondo chini ya ndizi, na wodi nzima ilicheka.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Alisema nije kesho?"

"Alisema uje kesho, Mama."

Ndipo akalia. Sijui nikueleze vipi. Alilia kwa sauti ile ya wamama wa zamani, uji ukamwagika kwenye kabuti, na bata wote wakaruka. Muthomi akaja mbio akidhani ameanguka. Alipoona ni kilio, akasimama pale, mwanaume mkubwa vile, hajui aweke mikono wapi, mwishowe akachuchumaa upande wa pili akamshika. Tulikaa hivyo, sisi watatu, mpaka baridi ikaanza kutuuma masikio.

Mlima ulitoka baadaye, tulipokuwa tumeanza kula nduma na kusahau kuutazama. Ukungu ulipasuka upande mmoja tu. Vilele vikatokea, vyeusi, vina theluji kidogo kwenye mikunjo, karibu mno, kama mtu aliyesimama mlangoni bila kubisha. Na maji yakavichukua vyote yakavilaza chini. Sikukumbuka hata simu. Mama aliangalia, nduma mkononi, macho mekundu.

"Ni mkubwa hivi?" akasema. "Na hakuna mtu aliniambia."

Halafu mlima ukafunikwa tena, na mvua ikaja kweli, tukakimbia. Yaani, tulikimbia kwa mwendo wa Mama. Kichwa kilinipasuka mpaka Chogoria. Yeye hakuumwa na kitu. Alilala njia nzima akikoroma.

Sasa habari za nyumbani. Ng'ombe amerudi zizini kwake na jirani amenuna kidogo. Kikundi cha akina mama amekirudia, anawagombeza kama zamani. Siku za soko akiuza maziwa mapema anakuja Nchiru, anakaa kwenye stuli yako, anamenya viazi na kuwauliza wanafunzi kama wamepigia mama zao simu. Wanamwogopa na wanampenda.

Na kila akija, wateja wakipungua, ananiambia, "Niambie ile ya siku ile." Namwambia tena. Yote, tangu mwanzo. Juzi nilikuwa na haraka nikaruka lile neno la pasi. Akaacha kumenya, akaniangalia. "Na akasema usilipige pasi sana," akanikumbusha, kama vile alikuwepo.

Pumzika, rafiki yangu. Nakuahidi hivi: akiniuliza mara mia, nitamwambia mara mia, na sitaruka kitu tena.

Wako daima,
Wawira