Taa Zako Zimemwangusha Baba

Baba Watoto,

Chakula kiko kwenye sufuria, pasha mwenyewe. Anua nguo, mvua isizikute. Mimi niko hospitali na baba yako, amevunjika mkono.

Ndiyo, baba yako. Alfajiri, ulipokuwa unajaribu taa mpya za hiyo pikipiki yako ya safari, mimi na yeye tulikuwa tunatembea kando ya barabara, ukungu umetanda. Ukatokea na mwanga mweupe kama jua la utosini. Mzee akafunika macho, akakosa pa kukanyaga, akatumbukia mtaroni. Mngurumo wa pikipiki yako naujua hata usingizini. Nilikupigia kelele usimame, kwa sauti yangu yote. Ukapita kama upepo.

Fundi umeme hakukwambia? Nilikuwepo! Alisema uchukue za njano, uzifunge chini karibu na gurudumu la mbele, uziinamishe zimulike lami, siyo nyuso za watu. Ukamjibu, "Nataka wanione nikiwa bado mbali." Haya, umeonekana. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila wewe umemvunjia mwenzio mkono.

Zifungue leo hii. Toa waya wa betri kwanza, usije ukatuunguzia na nyumba.

~~Usikanyage hospitali.~~ Njoo, lakini uje kwa miguu.

Sijamwambia mwenye pikipiki alikuwa nani. Utasema mwenyewe. Tangu afungwe plasta anarudia neno moja tu: "Angekuwa mwanangu, angesimama."

Mkeo