Mkono wa Mzee Marwa

Mama, shikamoo. Huku Kenyamonta mvua inanyesha kila alasiri, na maziwa ya mgando nimekunywa hadi tumbo linalalamika. Tunajaribu ile mashine mpya ya kupima presha. Kila mtu anapimwa mara mbili, nami nalinganisha namba zake. Zikipishana sana, mashine inarudishwa ilikotoka.

Jana nilimpima Mzee Chacha, nikamwomba arudi baada ya saa moja. Akaja Mzee Marwa na kadi ya mwenzake, akakaa, akakunja mkono wa shati.

"Mwenye kadi yuko wapi?"

"Amepeleka ng'ombe mtoni. Sisi ni rika moja, tulitahiriwa siku moja. Ukinipima mimi umempima yeye."

Nilimweleza takwimu mpaka koo likakauka. Akaniuliza kwa upole, "Binti, kwani mashine inajua majina yetu?" Nikampima yaishe.

Sasa Mama, waliorudi wenyewe wote namba zao zimepishana. Za wale wazee wawili zinafanana kabisa. Sijui bosi nimwandikie nini.

Nakukumbuka sana. Dawa zako za presha umeze mwenyewe, usimwachie Mama Rehema wa kwaya akumezee.

Binti yako, Neema