Mdiria wa Harusi ya Igihozo

Mbugangari, Gisenyi
6 Juni 1999

Baba mpendwa,

Pokea salamu zetu za huku. Natumaini kifua chako kimetulia na vumbi la Goma limepungua. Mimi mzima, na mdogo wangu Igihozo tangu aolewe ananenepa kwa furaha. Picha ya mdiria niliyomtengenezea ameitundika sebuleni kwake Nengo. Mgeni haonyeshwi kiti kabla ya kuonyeshwa ndege.

Siku ya harusi uliichukua picha ile hadi mlangoni, ukaiinamisha kushoto na kulia, kwa desturi yako ya kuwaumbua wanaopaka rangi badala ya kubandika mabawa ya vipepeo kama wewe. Buluu ikageuka zambarau, ikarudi buluu. Ukawaambia wageni kwamba mabawa ya kipepeo hayadanganyi, na kwamba kuanzia siku hiyo meza yako ya kazi ni yangu. Niliinama. Wakasema nina adabu.

Haikuwa adabu, Baba. Mabawa manne ya buluu uliyonipa, ya mwisho kwako kwa kuwa siku hizi msituni hakuingiliki, niliyatwanga kwenye kinu. Nilitaka rangi ya kupaka ndege mzima badala ya kubandika kifua tu. Tamaa mbele, mauti nyuma: nilipata unga wa kahawia kama ugoro. Nililia siku mbili.

Nikamwendea Karekezi, mwalimu wa sayansi. Akanieleza kwamba bawa lile halina rangi ya buluu hata kidogo. Lina tabaka nyembamba mno, na mwanga ukizigonga hurudi buluu. Ukilitwanga, umezivunja. Nikauliza kama binadamu anaweza kuzitengeneza. Akaniambia nikatazame povu la sabuni, jinsi utando wake mwembamba unavyong'aa bila kutiwa rangi.

Shangazi Verediane alinipa chupa ya rangi ya kucha, ile angavu kama maji anayouza mpakani, huku akilalama kwamba mi nitamufilisi. Nikadondosha tone kwenye beseni la maji, likatanda, nikalinyanyua kwa karatasi nyeusi niliyoizamisha chini yake. Lilipokauka liling'aa, ila wembamba haukunitii: mara waridi, mara kijani. Siku ya kumi na moja ikaja buluu yako, Baba! Nilipiga kelele hadi majirani wakatoka.

Ndege yule nilimkata kwenye karatasi hiyo, hana hata chembe ya kipepeo. Nilikudanganya mbele za watu, na ninaomba radhi kwa magoti. Meza ukiitaka, mwambie Shangazi, nitairudisha. Lakini fahari siwezi kuificha: macho yaliyochagua mabawa miaka arobaini yalikiri kwamba lile ni bawa, na bawa lile nimelitengeneza mimi.

Mbusu Mama kwa ajili yangu. Mungu awatunze.

Binti yako,
Murekatete