Mwanamke Aliyetaka Kuonyeshwa Kaburi

Buzebazeba, Kigoma
18 Agosti 1996

Mdogo wangu mpendwa Telesphory,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo parokiani, na kwamba ule mgongo uliokusumbua tangu Pasaka umeanza kukuachia. Sisi huku ni wazima wa mwili. Baba anakusalimu sana, Mama anakusalimu sana, kaka Martini na mkewe nao wanakusalimu, na watoto wao hawachoki kuuliza frateri atakuja lini awafundishe nyimbo mpya.

Najua unangoja habari za kiangazi, maana hiki ni cha kwanza ambacho hukuwa nasi nyumbani, kwa sababu ya huo mwaka wako wa uchungaji. Habari ninazo, ila nakuomba jambo moja. Tafuta mahali ukae peke yako, uisome barua hii hadi mwisho kabla hujamwonyesha mtu yeyote.

Unajua jinsi Baba anavyokiheshimu kiangazi. Shule zikifungwa tu anatuita wote Mwamgongo, wala hapokei udhuru wa mtu. Kwake siku hizo ni kama Kwaresima yenye furaha: asubuhi tunaanika dagaa na mihogo, mchana watoto wanaoga ziwani, jioni sote tunakaa uani, mmoja anasoma Injili na kila mtu anasema neno lililomgusa. Hata mimi mwalimu niliyechoka kusikia sauti za watoto mwaka mzima huwa naingoja wiki ile. Safari hii nilifika nikiwa na hamu ya kulala tu na kula migebuka ya ziwani.

Sikulala. Mambo ya Burundi yalikuwa yamechacha tena, na mitumbwi ilikuwa inashuka kutoka kaskazini kila siku, imejaa watu mpaka maji yanaingia. Unaujua upepo wa kusini wa miezi hii. Watu walifika wamelowa, wengine wamebeba watoto na hawana kingine chochote. Siku nyingine tulisikia vishindo kutoka upande wa mpaka. Watoto wa Martini walidhani ni radi, katika mwezi usio na wingu. Baba alifungua kanisa la kigango, mabenchi yakatolewa nje, watu wakalala humo ndani. Mama na mimi tulisonga ugali wa muhogo tangu asubuhi, na Martini alikwenda mlimani na vijana kuchimba vyoo. Injili ya jioni tuliendelea kuisoma, ila sasa na wageni walikaa pamoja nasi, na Kirundi chao na Kiha chetu vikasikilizana vizuri.

Siku moja mchana alikuja mwanamke wa makamo, mwenye mvi, anachechemea mguu wa kushoto. Jina lake ni Eufrasia. Wenzake walipokwenda kwenye chungu, yeye hakwenda. Aliuliza kama hapa ndipo anapokaa katekista Bonaventura, yule aliyekuwa akikaa Kagunga zamani. Baba aliacha kupigilia benchi akasimama. Mama alikuwa anapepeta unga. Yule mwanamke alituamkia kwa neno lao la amani, "Amahoro," akaketi chini bila kukaribishwa, kama mtu aliyetembea miaka.

Alieleza kwamba mwaka wa sabini na mbili, kiangazi kama hiki, katika yale mauaji makubwa ya kwao, alivuka hadi Kagunga na mtoto mchanga mgongoni. Mumewe alikuwa ameshauawa. Binti yake mkubwa alikuwa amebaki ng'ambo ya mpaka kwa mama mkwe, na hakuweza kumrudia akiwa na mchanga mgongoni. Akamwacha mchanga kwa mke wa katekista, akaahidi kurudi upesi. Njiani walimkamata, wakamkata panga mguuni, wakamwacha wakidhani amekufa. Watu asiowajua walimficha. Binti hakumpata tena. Alipoweza kufika Kagunga, ilikuwa baada ya miaka, alikuta nyumba ya katekista ni tupu. Jirani akamwambia kwamba walihama, na kwamba mtoto hakuishi. Aliyasadiki maneno yale siku moja, kesho yake akayakataa, ndivyo alivyoishi. Safari hii amepita Kagunga akikimbia tena, mtu akamwambia Bonaventura yuko Mwamgongo.

Akasema, "Sikuja kudai kitu. Nataka kujua tu."

Telesphory, nilisikia kuku wakidonoa unga uliomwagika kwenye ungo wa Mama, na hakuna aliyewafukuza. Kisha Mama akasema, sauti yake ikiwa kavu, kwamba mtoto alikufa, na walimzika Kagunga, nyuma ya nyumba, karibu na migomba.

Nilimtazama Baba. Baba alikuwa anatazama nyundo yake. Mimi mwaka ule nilikuwa msichana wa kutumwa maji, na mengi ninayakumbuka. Nilijua kwamba Mama hakusema kweli, na nilijua kwamba Baba anajua. Martini peke yake hakuelewa, maana alikuwa mdogo sana. Pengine na wewe umeshaanza kuhesabu miaka. Ngoja, tafadhali, nifike huko nikiwa na pumzi.

Yule mama hakulia. Alimshukuru Mama kwa kumzika mtoto wake. Akaomba apewe kazi, na tangu siku ile akawa anakaa na Mama jikoni, wakimenya mihogo bega kwa bega. Hilo ndilo lililotutesa. Kila alipomshukuru, Mama alizidi kutukaripia sisi: moto mbaya, maji machafu, watoto wana kelele. Eufrasia aliuliza kama mtoto aliugua sana, na kama alibatizwa. Mama alimjibu kwamba alibatizwa. Hilo lilikuwa kweli. Akauliza kama alilia sana. Mama akainuka akaenda kuchota maji, wakati mitungi yote ilikuwa imejaa.

Jioni ya pili tulikuwa katika sala, watu wengi uani, Baba akiongoza Baba Yetu. Alipofika penye kuomba tusamehewe makosa yetu, akanyamaza. Watu walidhani amesahau, wakaendelea wenyewe. Baba alimpa Martini rozari yake, akaingia ndani. Asubuhi alimwambia Mama, mbele yangu, kwamba hatamlazimisha kusema, lakini yeye hawezi kuwasalisha watu tena mpaka neno lile litoke. Jumapili ile Martini ndiye aliyeongoza ibada kigangoni. Watu waliniuliza kama Baba ni mgonjwa. Niliwaambia kifua kinamsumbua.

Mama alimjibu Baba maneno mengi siku ile, mengine nitayaandika mbele. Neno moja lililonichoma ni hili: "Mimi nilizika wangu. Na huyu nimzike akiwa hai?"

Basi ikatangazwa kwamba boti zitakuja kuwachukua wageni wote hadi Kigoma, na kutoka hapo wapelekwe kambini, huko Kasulu. Nakiri nilifurahi. Nilifikiri Eufrasia ataondoka na amani yake ndogo aliyopewa, nasi tutamaliza likizo yetu. Tazama moyo wa mwalimu anayesoma Injili kila jioni.

Asubuhi ya kuondoka ufuko ulijaa watu na mizigo. Mzee Pazi alikuwa anapakia watu kwenye boti yake, akiwapanga asije akazama. Nikamtafuta Eufrasia nimpe kanga niliyomwekea, sikumwona. Mwanamke aliyelala naye kigangoni akaniambia kwamba alikwisha ondoka alfajiri, kwa miguu, kaskazini. Alisema wakishampeleka huko bara hatarudi tena ziwani, kwa hiyo anakwenda Kagunga kuliona kaburi la mwanawe kwanza.

Mzee Pazi alisikia, akaacha kamba. Akasema huyo mama amekwenda kufa, kwani jana mabaharia wake walikataa kukaribia kule, risasi zilikuwa zinaanguka majini.

Mama alikuwa nyuma yangu na kapu la mihogo ya safari. Aliliweka chini taratibu, kama mtu anayeogopa kulivunja. Halafu akakimbia. Telesphory, unayajua magoti ya Mama, hata kupanda kwenda kigangoni hupumzika njiani. Alikimbia kwenye mawe, pekupeku, kanga ya juu ikamdondoka asigeuke. Nilimwita asimame, hakusimama. Tulivuka kijito cha kwanza, tukapanda ile njia ya mashamba ya mihogo, na huko juu vishindo vilisikika vizuri zaidi, sasa hakuna aliyeweza kuviita radi. Tulikutana na vijana wawili wanashuka mbio, wakatuambia turudi. Mama akawauliza tu kama wamempita mwanamke kilema.

Tulimkuta kwenye kijito kinachofuata, ameketi juu ya jiwe, ameutia mguu wake mbaya majini. Mama hakuweza kusema kwa kuhema. Alimshika bega. Kisha akasema, "Rudi. Kaburi lile si la mwanao. Ni la mwanangu."

Eufrasia alimtazama bila kuelewa. Mama akaendelea, "Wako yuko hai. Ni mtu mzima. Anasomea upadre."

Mdogo wangu, mtoto huyo ni wewe.

Nimeliandika. Sikujua njia nyingine ya kulisema. Kiangazi kile Mama alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, mtoto akafariki kabla hajamaliza mwezi, akazikwa nyuma ya nyumba yetu ya Kagunga. Maziwa yalikuwa bado yanamjaa Mama kifuani na kumuuma alipokuja Eufrasia na wewe mgongoni. Mimi ndiye niliyechota maji ya kukuogesha. Tulingoja mama yako arudi. Kisha zikaja habari kwamba kijiji chao kizima kimekwisha. Mama akamwomba Baba tuhame, twende mahali ambapo hakuna anayejua ni yupi aliyezikwa na ni yupi aliyebaki. Niliambiwa nisiseme, na sikusema, hata nilipokua nikaweza kusema.

Yale maneno mengine aliyomwambia Baba ni haya: kwamba wakijua, watakuita mkimbizi, watakutoa masomoni wakupeleke kambini, na upadre wako utakuwa umeishia hapo. Aliogopa hivyo. Lakini najua, na yeye sasa anakubali, kwamba aliogopa zaidi kwamba utamwita mtu mwingine mama.

Sasa usifikiri Eufrasia alimkumbatia pale. Alimkamata Mama nguo kifuani akamtikisa, akimwita kwa maneno ya Kirundi ambayo sitayaandika, nami nikadhani atamtupa majini. Mama alijiachia tu. Nilipotaka kuingilia, Mama akanikataza kwa mkono. Mwishowe Eufrasia akachoka. Akakaa akalia, sasa ndipo alipolia. Halafu akauliza swali nililoona kwamba alikuwa amelibeba muda wote huo: "Siku ile niliyomwacha, alinyonya?"

Mama akamwambia, "Alinyonya mpaka akalala."

Eufrasia akajifuta machozi. Kisha akasema kwamba hata hivyo, amani ikirudi, atataka kufika Kagunga kwenye kaburi lile, amshukuru yule mtoto aliyemwachia mwanawe maziwa.

Tulirudi polepole, mimi na Mama tumemshika huku na huku. Mzee Pazi alikuwa ameizuia boti, watu wamekasirika juani. Mama alipanda naye. Hakuwa na hata viatu. Walikaa pamoja hadi Kigoma, na hapo walipotenganishwa, Mama alilala kwangu Buzebazeba, analia na kuniuliza kama nadhani utamsamehe. Nilimwambia sijui. Bado sijui.

Baba amekwenda kwa Padre, akamweleza yote yeye mwenyewe, akaomba apumzishwe ukatekista mpaka wewe uwe umesikia. Padre amesema ubatizo wako ni ubatizo, na wito ni wako, hakupewa mtu mwingine. Ila mambo ya uraia hajui yatakavyokuwa, na amesema usimweleze mtu kabla hujaonana naye. Kwa hiyo hofu ya Mama haikuwa ya bure. Nakuambia ili uende kwa uangalifu.

Mimi nilizoea kufikiri kwamba familia ikikaa pamoja na kusali, amani inajiletea yenyewe. Kiangazi hiki tulisali kila jioni huku uongo umeketi katikati yetu, na ile sala haikutuachia. Ilimnyamazisha Baba, ikamkimbiza Mama juu ya mawe. Sijawahi kuiogopa sala namna ile. Wala sijawahi kuisadiki kama sasa.

Mama yako wa kuzaa yuko kambini, Kasulu. Nimefika kumwona mara moja. Mguu unamsumbua lakini anakula. Nilimwonyesha ile picha yako ya kanzu. Aliishika muda mrefu, akasema una masikio ya babu yako. Alikuita Nzeyimana ulipozaliwa. Anasema jina la Telesphory ni zuri pia, hataki ulibadilishe kwa ajili yake.

Nipelekee salamu zangu kwa Paroko na kwa wote wanaokutunza huko. Ukiandika, hata kama ni kwa hasira, andika. Mama kaniomba nimalizie na maneno yake, nayaweka kama alivyoyatamka: "Mwambie akipata ruhusa asianze kuja kwangu. Aende Kasulu kwanza. Mimi nimeshakaa naye."

Ni mimi dada yako, nisiyebadilika,
Domitila